Ansbert Mutalemwa, Aliyeondoka Akiwa Anasikiliza

Wapendwa mliofika kumsindikiza ndugu yetu, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa majirani zetu Waislamu, ambao tangu Jumamosi hamjatuacha, Assalaam alaikum. Mie ni Tekla, dada yake marehemu. Wazazi wetu wameshatangulia, na katika tumbo la mama yetu tulitoka wawili tu, mimi kwanza na yeye akanifuata. Ndiyo maana kazi hii imeniangukia. Elimu yangu ni ya darasa la saba, mtanivumilia pale nitakapokwama, na mtanivumilia pia nikinyamaza kidogo katikati, maana hata sasa bado sijaamini ninachokisoma.

Kabla sijaanza, naomba nitaje jambo ambalo kila aliyekaa chini ya turubai hili amelisikia kwa namna yake. Ansbert alifariki Jumamosi mchana nyumbani kwake hapa Madale, akiwa amekaa kwenye kiti chake, hedifoni masikioni, na mkewe Vaileth akiwa chumba hichohicho. Hatukujua kwamba amekufa. Tulimwacha amekaa mpaka jua likazama. Habari hii ilitembea haraka kuliko sie wenyewe, na ilipomfikia baba yetu mkubwa, mzee Gozbert, kule Muleba, ilikuwa imeshakuwa habari nyingine. Alipofika Jumatatu, katika kikao cha ukoo alisema Vaileth hatatia udongo kwenye kaburi la mumewe mpaka ukoo uelewe ilikuwaje.

Nilimwomba baba mkubwa ruhusa niyaandike yote kwa mpangilio, tangu Ansbert alivyozaliwa hadi alivyotutoka, ili asilaumiwe mtu kwa habari ya nusunusu. Akanijibu, "Andika, mwanangu. Ukimaliza nisomee kwanza mimi, ndipo nitasema." Nimeandika kama ifuatavyo.

Marehemu Ansbert Mutalemwa alizaliwa tarehe 3 Aprili 1974 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Alikuwa mtoto wa mwisho wa marehemu mzee Sylvester Mutalemwa na marehemu mama Anastela. Alibatizwa mwaka huohuo. Akiwa bado mdogo, hajaanza hata shule, aliugua surua kali. Surua ilipoondoka ikamwachia usaha kwenye sikio la kushoto. Mama alimkanda na kumtilia mafuta ya uvuguvugu, akampeleka zahanati ya masista, akamwombea novena. Usaha ulikauka, lakini sikio lile halikusikia tena. Kwa hiyo Ansbert aliishi maisha yake yote kwa sikio moja, la kulia, na wengi wenu mliofanya naye kazi miaka na miaka hamkuwahi kujua.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 katika shule ya msingi ya hapo kijijini. Mwanzoni walimu walimwona mkaidi. Mwalimu akisimama upande wa dirishani akamwita, Ansbert kimya. Akiitwa mara ya tatu, anachapwa. Akija mwalimu upande wa mlangoni, anajibu vizuri kabisa na jibu lake ni sahihi. Siku moja mwalimu wetu wa hesabu akamsimamisha mbele, akaenda nyuma yake na rula, akawa anagonga meza za huku na huku akimwambia anyooshe mkono kila anaposikia. Ya kulia alinyoosha. Ya kushoto alisimama tu kama nguzo. Mwalimu yule alimwomba msamaha mbele ya darasa zima, kitu ambacho siku zile hatukuwa tumewahi kukiona. Ansbert akamwambia, "Usijali mwalimu, vile viboko vya upande wa kushoto sikuvisikia." Darasa lilicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Tangu siku hiyo alihamishiwa dawati la ukutani, sikio zima likitazama ubao, akasoma hadi akamaliza darasa la saba mwaka 1988.

Baada ya shule alibaki nyumbani akimsaidia baba kwenye kahawa na migomba. Mwaka 1993 alikuja Dar es Salaam, kwa meli hadi Mwanza na treni hadi huku, akafikia kwangu na kwa marehemu mume wangu pale Ubungo Kibangu. Alianza kwa kubeba mizigo stendi ya mabasi ya Ubungo, na baadaye akawa mkata tiketi wa mabasi ya bara. Kazi hiyo aliifanya mpaka stendi ilipohamia Mbezi mwaka 2021. Mnaoikumbuka Ubungo mnazijua zile kelele, honi, wapiga debe, muziki wa kila kibanda. Yeye alikuwa na ujanja wake. Alikaa akiigeuzia stendi sikio bovu, na abiria akamgeuzia sikio zima. Wenzake walikuwa wanarudi makwao kichwa kinauma, yeye anarudi ametulia kama katoka kanisani.

Hapo stendi ndipo hedifoni zilipomkuta. Abiria wa safari ndefu walikuwa wananunua dirishani zile za bei chee, gari halijafika Chalinze upande mmoja umeshakufa. Wakirudi safari nyingine wanazitupa mbele ya kidirisha chake kwa hasira, kana kwamba ndiye aliyewauzia. Yeye akawa anaziokota. Anakuja nazo nyumbani kwenye mfuko wa shati, anazipasua kwa wembe, anaangalia ndani kuna nini. Hakufundishwa na mtu. Aliharibu nyingi, na hakuona aibu kusema aliharibu nyingi. Kidogokidogo zikaanza kulia. Alipoacha kazi ya tiketi, hii ikawa ndiyo kazi yake, akaifanya sebuleni kwake kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Watu walimfuata kutoka Tegeta, kutoka Kimara, kuna wengine walitumwa na jamaa zao wa Temeke. Aliwatengenezea wasichana wa saluni na muziki wao, walinzi na mpira wao, mashehe na mawaidha yao, na sie wa jumuiya na rozari zetu.

Naomba nieleze kidogo namna alivyofanya kazi, si kwa sababu ya kumsifu, ila kwa sababu bila hayo hamtaelewa ya Jumamosi.

Hedifoni ikija haisikiki, Ansbert alikuwa hakimbilii kuikata. Aliichomeka kwenye simu, akaivaa, akaanza kuukunja waya taratibu kwa vidole viwili, kuanzia chini kwenye pini kupanda juu, hadi mahali ambapo sauti inashtuka. Hapo ndipo palipokatika ndani. Akipasua ganda la waya, mle ndani mna vijiwaya vyembamba kama nywele, chekundu, kijani na cha rangi ya shaba, na vyote vimepakwa rangi isiyopitisha umeme. Aliviunguza ncha kwa kiberiti cha gesi kidogo tu, akavisokota, akavishika kwa risasi iliyoyeyushwa na kile kichuma chake cha moto. Kila kijiwaya alikifunika kwa rangi ya kucha ili visigusane. Rangi ya kucha ilikuwa ya mkewe. Siku moja Vaileth anajiandaa kwenda harusini, anafungua kichupa, kimekauka.

"Baba Asifiwe, rangi yangu iko wapi?"

"Iko Tegeta, iko Kimara, iko Bunju," akamjibu. "Nusu ya jiji imevaa kucha zako."

Alicheka yeye, akacheka na mkewe, na harusini akaenda na kucha hivyohivyo.

Akimaliza kuunga, hapo ndipo kazi aliyoiheshimu kuliko zote ilipoanza. Aliiita kusikiliza. Alisema fundi mbovu anasikia nyimbo mbili anatoa mzigo, na mteja akifika kona ya kwanza sauti inakata. Yeye alikuwa na sauti za kwaya yetu ya kigango alizozirekodi mwenyewe kwa simu wakati wa mazoezi, ndefu, kuanzia kupasha koo hadi sala ya kufunga. Alizipenda kwa kuwa zina sauti nyembamba za kina mama na nzito za kina baba. Anakaa, anafumba macho, anainamisha kidevu kifuani, mikono inalala mapajani, anasikiliza mazoezi yote. Na kwa vile sikio lake zima ni moja, alisikiliza kipande cha kulia mpaka mwisho, akavigeuza, akaanza tena upya na kipande cha kushoto. Mtu mwingine angetumia nusu ya muda huo. Sie wa nyumbani tulizoea. Ukimkuta ameinama hivyo, unajua utamkuta hivyohivyo ukirudi kutoka sokoni.

Na ilikuwa ni sheria nyumbani kwake kwamba Baba akisikiliza haguswi. Sheria hiyo ilikuja kwa machungu. Mwaka 2011, wakati huo wakiishi Kimara, Asifiwe, mtoto wao wa kwanza, akiwa na miaka sita, alimjia baba yake kwa furaha upande wa sikio bovu akamrukia begani. Ansbert alishtuka, mkono ukapiga meza, kile kichuma cha moto kikamwangukia mtoto mkononi. Kovu analo mpaka leo. Baba yake alilia siku ile kuliko mtoto. Tangu hapo akasema, mtu yeyote, hata padri, akinikuta nimevaa, asiniguse wala asiniite, anisubiri mwenyewe nivue. Wote tuliishika sheria hiyo. Watoto waliishika, majirani waliishika, wateja walikaa kwenye benchi nje wakasubiri.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Vaileth tarehe 22 Novemba 2003 huko Kimara. Vaileth ni mtoto wa Tukuyu, alikuwa anauza chai na maandazi pale Ubungo. Ansbert alikuwa akinunua andazi moja, anakula, anarudi kununua lingine, kumbe ni njia ya kurudi. Wengine wa ukoo wetu walisema mke wa Mhaya anatoka Bukoba. Mama yetu alipomwona anavyomenya ndizi akasema huyu kazaliwa Tukuyu kwa bahati mbaya. Mungu aliwajalia watoto wawili, Asifiwe mwaka 2005 na Gaspar mwaka 2010. Mwaka 2017 walihamia hapa Madale kwenye nyumba yao wenyewe, ambayo kuta zake bado hazijapigwa lipu, na Ansbert alikuwa akisema lipu haina haraka, sauti inakaa vizuri kwenye tofali tupu.

Katika jumuiya alikuwa mtu wa kuwahi. Alifungua mlango, alipanga viti, alikumbuka nani anaumwa. Hakuwa msemaji. Ukimweleza shida yako alikugeuzia lile sikio moja na kulala upande, na wengi mliona kama anawasikiliza kuliko watu wenye mawili.

Kuhusu ugonjwa sina la kuandika. Kwenye wasifu wa watu wengine hapa pana maelezo marefu, alilazwa lini, alipewa dawa gani, nasi tunapata muda wa kujiandaa. Ansbert hakuugua. Sie hatukujiandaa. Bado tunaweka sahani yake mezani halafu tunaitoa.

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 aliamka mzima. Alikwenda sala ya jumuiya asubuhi, akaongoza tendo moja la rozari, akarudi nyumbani akanywa chai na chapati. Kitu pekee ambacho Vaileth anakikumbuka ni kwamba alijisugua kifua akasema chapati ya leo imekaa njiani. Akanywa maji, akasema imeshuka. Akakaa mezani kumalizia hedifoni za jirani yetu Shomari, yule anayeuza juisi ya ukwaju.

Mie nilifika kutoka Kimara, ninakoishi sasa, kabla ya mchana. Nilikuwa na mkungu wa ndizi nilioletewa na basi, nikasema twende tukaule pamoja. Nilimkuta ameshamaliza kuunga, amevaa, ndiyo kwanza anaanza kusikiliza. Nilimpungia mkono kwa mbele ili anione. Alifumbua jicho moja, akatabasamu, akanyanyua kidole kimoja. Maana yake, dada, subiri kwanza. Akafumba tena. Hiyo ndiyo salamu yangu ya mwisho kwake, na sikujua.

Vaileth alibaki sebuleni na beseni la ndizi akimenya. Mie nikatoka uani kwenye jiko la mkaa kuwasha moto na kukaanga vitunguu, nikawa naingia na kutoka. Baada ya adhana ya adhuhuri Shomari akapiga hodi.

"Shikamoo dada Tekla. Za Kimara?"

"Marahaba, mdogo wangu. Kimara wazima. Karibu."

Akachungulia ndani. "Shemeji, huyu bwana anasikiliza au kalala?"

Vaileth akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kisu. "Nenda kamguse ujue. Moto wa kichuma hicho hauchagui jirani."

"Si ndo zangu hizo masikioni?"

"Ndo hizohizo."

"Basi anipimie sawasawa. Juzi upande mmoja ulikuwa unaniimbia, mwingine umeninunia kama mke mkubwa."

Tulicheka. Alikaa kwenye benchi nje, akasubiri, akaona muda wa biashara unapita, akasema atarudi. Vaileth alimwekea mumewe kikombe cha chai ya tangawizi mezani, akakifunika kwa kisosi ili asije akavua akakuta imepoa. Mie nilipita mbele yake mara kadhaa, mara nachukua chumvi, mara nachukua sufuria. Nilimwona ameinama. Mikono mapajani, kidevu kifuani, uso umetulia. Ndivyo nilivyomwona miaka yote. Nawaapia mbele ya Mungu na mbele ya jeneza hili, hakukuwa na tofauti yoyote ambayo jicho la mtu lingeiona.

Chakula cha mchana kikaiva, na Vaileth akaendelea kumenya ndizi za jioni. Gaspar akala, akatoka kwenda kucheza mpira. Sie tukasema tumsubiri mwenyewe, leo anachelewa, labda kipande cha kushoto kinamsumbua. Jua likawa linakwenda kuzama ndipo Asifiwe akarudi kutoka mazoezi ya kwaya. Aliingia, akatuamkia, akapita karibu na meza. Akasimama. Akainama kuiangalia simu ya baba yake.

"Mama," akasema, "Baba anasikiliza nini?"

"Si anasikiliza kwaya."

"Simu imezima, mama. Haina chaji."

Mpaka leo nikifumba macho nasikia maneno hayo. Vaileth alisimama na ndizi zikamwagika sakafuni. Alimshika bega, yeye mwenyewe aliyeilinda sheria ile kuliko wote. Alikuwa ameshakuwa wa baridi. Zile hedifoni alizivua Asifiwe.

Majirani walikuja, Shomari akatafuta gari, tukampeleka hospitali kwa sababu mtu hukubali kwa macho lakini moyo unakataa. Daktari alimpima, akatuambia moyo ulisimama ghafla, na ulisimama tangu mchana. Nilimuuliza mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, je, tungemgusa mapema? Alisema, "Mama, kwa namna moyo wake ulivyosimama, hata angekuwa amekaa mbele yangu hapa nisingeweza kumrudisha. Hakupata hata nafasi ya kunyoosha mkono." Haya ameyarudia mbele ya baba mkubwa Jumanne, mzee alipokwenda kumsikia kwa masikio yake.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Lakini ninajua yaliyosemwa. Ilisemwa mke alikaa na maiti anapika. Ilisemwa alijua akanyamaza. Katika kikao baba mkubwa, akiwa ametoka safarini, macho mekundu, alimuuliza Vaileth mbele yetu, "Mwanamke gani anamenya ndizi mumewe amekufa kwenye kiti?"

Vaileth alisema, "Baba, mie nilijua anasikiliza."

"Mtu aliyekufa anasikiliza nini?"

Jibu la swali hilo sina uhakika kama kuna aliye nalo. Tangu saa ile Vaileth hakula, alikaa chini kwenye mkeka amejifunika kanga, na watu walipokuwa wanampa pole alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayekataa kupokea kitu kisicho chake. Simlaumu baba mkubwa. Mzee wa miaka zaidi ya themanini amepanda basi kutoka Kagera hadi huku kuja kumzika mtoto wa mdogo wake, na huko njiani simu zinamwambia hili na lile. Kila mmoja wetu alikuwa anatafuta pa kuuweka mshtuko wake. Yeye aliuweka kwa Vaileth.

Jana jioni nilimsomea yote haya niliyoyaandika, hapo nilipofikia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pale pembeni ya turubai, fimbo katikati ya magoti. Nilimaliza. Akaniomba nirudie pale pa Jumamosi. Nikarudia. Akasema niitiwe mama Asifiwe.

Vaileth akaja, akapiga magoti. Mie nilikaa karibu yake, sikujua litakalotoka.

"Mama Asifiwe," baba mkubwa akamwambia, kwa sauti ya chini safari hii, "wifi yako anaandika kwamba yeye alikuwa anatoka na kuingia. Wewe ulikuwa wapi?"

"Palepale, baba."

"Palepale wapi?"

"Kwenye kigoda, mbele yake. Mchana jua la lile dirisha huwa linampiga usoni, na pazia nilikuwa nimelifua. Nikasogeza kigoda nikakaa katikati ya jua na yeye, nikawa namenyea hapo. Likisogea nami nasogea."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka lilipozama, baba. Sikumwacha. Niliinuka mara moja tu kumchemshia chai."

Mimi mwenyewe hilo nilikuwa sijalijua. Nilimwona anahama na kigoda chake, nikadhani anatafuta mwanga.

Baba mkubwa akailaza fimbo yake chini. Halafu akasema, tena hakuwa anamwambia Vaileth peke yake, alikuwa anatuambia wote tuliokuwa pale, "Sylvester mdogo wangu, baba yao hawa, alikufa wodini Bukoba. Tulikuwa tumetoka kwenda kula. Watu sita wa ukoo, wote tumetoka. Tuliporudi tumemkuta amegeukia ukutani. Mpaka leo sijui alimwita nani." Akajifuta uso kwa kiganja. "Huyu alikuwa na mtu."

Vaileth akaanza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilia tangu Jumamosi. Mzee akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Kisha akanigeukia mimi. "Tekla, ongeza hayo kwenye karatasi yako kabla hawajaipeleka kuchapa. Na mke wa mwanangu mwandike wa kwanza."

Nimeongeza kama alivyoagiza.

Kwa niaba ya familia nawashukuru Baba Paroko, viongozi na wanajumuiya, kwaya yetu, majirani wote wa Madale, na daktari aliyetupokea kwa upole. Shomari amepewa hedifoni zake. Ametuambia zinasikika pande zote mbili.

Marehemu Ansbert Mutalemwa ameondoka akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Ameacha mke wake, Vaileth. Ameacha watoto wake, Asifiwe na Gaspar. Ameacha baba yake mkubwa, mzee Gozbert, na mimi dada yake, na ukoo wote wa Mutalemwa wa Kamachumu pamoja na wakwe zetu wa Tukuyu waliofika jana.

Padri akishabariki kaburi, wa kwanza kutia udongo ni Vaileth. Baba mkubwa amesema atamshika mkono yeye mwenyewe, maana ardhi ya pale ina mteremko. Sie wengine tutafuata.

Mungu Baba ampokee mdogo wangu, na ampe kupumzika.